Andika na Shaka Yako

Kabla ya kusoma kipimo chochote, mwalimu wa kemia alipiga goti. Alikuwa mtu mrefu, na ukimwona akishuka polepole mpaka jicho lake likawa sawa na maji yaliyo ndani ya bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, ungedhani anasali. Wanafunzi wapya walicheka. Kicheko hakikudumu, kwa kuwa muda si muda na wao walikuwa chini sakafuni, mmoja mmoja, na sauti yake iko juu yao: "Shuka! Ukisoma umesimama unasoma urefu wako, si maji!"

Mimi nilifundisha Kiswahili katika shule hiyo, shule ya kutwa iliyo juu kidogo ya soko la Muthara, na darasa langu lilipakana na maabara. Ukuta ulikuwa wa mbao. Kwa miaka mingi nilifundisha ushairi huku nikisikia kemia, na ndiyo sababu namjua mtu huyo kwa sikio kuliko kwa jicho. Nyumba zetu pia zilikuwa katika safu moja ya nyumba za walimu, yeye peke yake ndani ya yake, mimi na wanangu, Mwenda na wadogo zake, katika yangu. Mkewe alibaki kwao Mbeere, kule chini Embu kwenye joto, akilima pojo na muguka, ile miraa ya majani.

Neno lake kubwa lilikuwa shaka. Mtoto akiandika kwamba ametumia asidi kiasi fulani, alimwuliza, "Na shaka yako iko wapi? Andika na shaka yako!" Alitaka kila namba iandikwe na kiasi ambacho huenda imekosea, juu au chini. Mtihani haukudai hivyo, na watoto walilalamika kwamba anawapotezea muda. Siku moja nilimwambia kwa utani kwamba Kiswahili sanifu ni shaka lako.

"Lako ni la huko kwako," akasema. "Huku kwa maabara tuko na yetu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa na tabia ya kusema jambo la kuchekesha kisha akakutazama kama mtu anayesubiri jibu la hesabu.

Aliwaambia kwamba hakuna chombo cha kioo kisichodanganya. Pipeti, ule mrija wa kunyonyea, imeandikwa mililita ishirini na tano, lakini aliyeuchora ule mstari ni mtu au mashine, na mtu na mashine wote huteleza. Silinda inadanganya sana, bika inadanganya bila aibu, pipeti inadanganya kidogo. "Kosa si la kioo," alisema. "Kosa ni letu tukijua kinadanganya tukanyamaza." Nilimsikia akisema hivyo karibu kila Januari, kwa sauti ileile, na kila mara nilisimamisha chaki yangu ubaoni.

Alikataza kupuliza pipeti. Lile tone linalobaki kwenye ncha, alisema, si lako, liache, kioo kilipopimwa kiwandani, nalo lilibaki palepale. Kulikuwa na kijana mmoja aliyependa kulipuliza. Mwalimu alimtoa nje ya maabara, na kijana akaiacha kemia kabisa mwaka uliofuata. Sisemi hili kumpamba. Alikuwa mkali pasipo sababu. Aliweza kumliza msichana kwa ajili ya sifuri aliyoisahau mwisho wa namba, na akishamliza hakujua la kufanya. Alisimama tu pale, mikono mifukoni, akitazama dirishani.

Sokoni walimwogopa. Kwenye duka la nyama la Muthara alichuchumaa mbele ya mizani ili jicho lake lilingane na mshale, watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yake.

"Mwarimu, unatafuta nini huko chini?" mwenye duka alimwuliza. "Hiyo kilo iko sawa bwana."

"Haiko sawa. Imezidi."

"Imezidi ni yako! Beba!"

"Basi sema imezidi. Usiseme iko sawa."

Ilibidi mwenye duka aseme, mbele ya wateja wote, kwamba nyama imezidi, ndipo mwalimu akaichukua akaenda zake.

Lakini mtu huyuhuyu, nje ya maabara na mizani, hakuwa na shaka hata chembe. Alitangaza kwamba mvua itanyesha Jumanne, Jumanne ikapita kavu, naye hakurudi kulizungumzia. Chai alitia sukari kwa kumimina kutoka kwenye pakiti. Alimwahidi mkewe kwamba angefika Ijumaa, akafika Jumapili, na mama yule aliponipigia simu kuuliza alipo nilimsikia akicheka kwa uchovu: "Huyo wangu hana saa, ako na kemia tu." Kanisani aliimba kwa nguvu na nje ya sauti. Nilipomwuliza kama huwa anamtilia Mungu shaka, alishangaa kweli. "Kwa nini?" akasema. "Mungu si kioo."

Mwanafunzi ambaye mwalimu alimpenda, darasani hakuwahi kumsifu. Jina lake Nkatha. Mama yake alikuwa na kibanda cha mboga pale Muthara, na msichana mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, mwenye mikono mitulivu isiyo ya kawaida. Katika msimu ambao wavulana walitoroka masomo kwenda Laare kuchuna miraa, maabara ilibaki nusu tupu, na nilikuwa nikisikia sauti mbili tu nyuma ya ukuta.

"Umepata?"

"Nimepata, mwalimu."

"Rudia."

Kioo kikagonga kioo. Kisha: "Imekuja ileile."

"Shaka yako?"

Alimtajia. Mwalimu hakujibu kitu, na kwake kutojibu ndiyo ilikuwa sifa. Nkatha alitaka kusomea udaktari. Alilisema hilo kama jambo lililokwisha kupangwa, na hakuna mwalimu aliyethubutu kumcheka, kwa sababu alama zake zilikuwa za mtu anayekwenda huko.

Mwaka wa mtihani wao, pipeti za shule zilikuwa zimebaki chache, nyingine zimevunjika ncha. Prinsipo akanunua boksi la mpya. Prinsipo wetu hakuwa mtu mbaya, lazima niseme. Alikuwa mtu mnene mchangamfu aliyeendesha shule kwa pesa za serikali zisizofika kwa wakati, na alinunua alichoweza. Mwalimu wa kemia alizifungua zile pipeti, akanyonya maji kwa kila moja, akayamwaga kwenye kikombe na kuyapima kwa mizani ya maabara. Aliifanya kazi hiyo siku kadhaa. Kisha akaja mezani kwangu ofisini, akaketi bila kualikwa.

"Hazifanani," akasema.

"Nini?"

"Hizi pipeti. Zote zimeandikwa kitu kimoja na hazitoi kitu kimoja. Nyingine iko sawa. Nyingine inapunja vibaya."

Nikamwuliza kama hilo ni tatizo kubwa, kwani mwenyewe husema kila kioo hudanganya. Alinieleza kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa watoto. Kuna kosa linalotawanyika, akasema, leo juu kidogo, kesho chini kidogo. Hilo ukirudia mara nyingi na kuwa makini linapungua. Na kuna kosa linaloegemea upande mmoja. Hilo halijali umakini wako. Unaweza kuwa na mkono wa malaika, ukarudia mpaka jioni, majibu yatalingana kila mara na yatakuwa si kweli kila mara. Katika mtihani wa vitendo, mwalimu naye hufanya jaribio, jibu lake hutumwa, na watahiniwa husahihishwa kwa kulinganishwa nalo. Mtoto mwenye pipeti inayopunja atapata jibu la chini, na atakayesahihisha hataona pipeti. Ataona mtoto aliyekosea.

Alikwenda kwa prinsipo. Prinsipo akamwambia achague zilizo nzuri na kuzificha mbaya, na ndivyo alivyofanya. Zilizo nzuri zilitosha watahiniwa wote, bila ya ziada.

Asubuhi ya mtihani nilikuwa na zamu ya kusimamia usafi, nikapita dirishani mwa maabara. Alikuwa kwenye sinki akisuuza. Nikasikia mlio mdogo tu wa kioo, hata usingegeuza kichwa kwa mlio huo. Pipeti moja ilikuwa imemponyoka na ncha yake ikakatika. Alisimama akiitazama mkononi mwake.

Prinsipo aliingia karibu wakati uleule. "Mwalimu, supavaiza wa mtihani yuko getini. Tuko tayari?"

"Imevunjika moja."

"Si kuna zile zingine?"

"Zile ni mbaya. Nataka nimwambie supavaiza."

Prinsipo alifunga mlango, lakini dirisha lilikuwa wazi. "Umwambie nini? Kwamba vifaa vyetu ni vibovu? Ataandika. Wakiandika, matokeo ya shule nzima yatashikiliwa. Watoto wote hawa! Kwa sababu ya pipeti moja, mwalimu? Chukua mojawapo, weka, tuanze."

Mwalimu wa kemia alifungua kabati akatoa ile aliyoiona ina nafuu kati ya mbovu. Kisha akatembea katikati ya meza akiziweka pipeti moja moja, na ile mbovu ilipobaki mkononi alisimama kidogo. Akaiweka kwenye nafasi ya Nkatha.

Sikujua wakati ule kwamba ndiyo ile mbovu. Aliniambia baadaye, na nilipomwuliza kwa nini yeye, alishika kichwa. "Nilifikiria ni nani atavumilia. Nikaona huyu ana mkono mzuri, hatapoteza tone lolote, atajisaidia. Nilifikiria hivyo. Mimi! Kidato cha pili akiniandikia hivyo namkata alama."

Mtihani ulipokwisha, Nkatha alitoka nje anang'aa. Alimkimbilia mwalimu pale chini ya mlingoti wa bendera ambapo nilikuwa nimesimama naye.

"Mwalimu, zote tatu zimekuja sawa! Hata hazijapishana!"

Akamtajia namba. Ilikuwa chini ya ile aliyoipata mwalimu mwenyewe, chini kuliko tofauti ambayo wasahihishaji huivumilia. Nilimwona mwalimu akiipokea namba hiyo. Uso wake haukubadilika, ila kidole gumba kilikuwa kinasugua kidole cha kati, kinasugua, kinasugua.

"Umefanya vizuri," akamwambia.

Ni mara ya kwanza nilimsikia akimsifu. Msichana alifurahi mno hata akasahau kuaga.

Matokeo yalikuja kwa simu, kama yanavyokuja siku hizi. Nkatha alifaulu kila kitu vizuri isipokuwa kemia, iliyoshuka daraja, si kwa kutisha, kwa kiasi cha kumtoa tu kwenye orodha ya udaktari. Ingekuwa amefeli kabisa, watu wangeuliza. Kwa kuwa ilikuwa kidogo, kila mtu alisema ni bahati, alikuwa na wasiwasi, mtoto wa kibanda ameenda mbali vya kutosha. Walimpa nafasi ya kusomea jambo jingine huko mbali, jambo ambalo hakulitaka na nyumbani hawakuweza kumsomesha.

Tulikwenda kwao pamoja, mimi na mwalimu. Alikuwa amesema barabarani kwamba atamwambia mama yake kila kitu. Tulipofika mama alikuwa amekaanga nyama na kupika mukimo, mezani kitambaa kipya, na majirani wawili wamealikwa kuja kumwona mwalimu.

"Muuga, mwarimu! Karibuni, karibu Mama Mwenda." Alimshika mwalimu mkono kwa mikono yote miwili. "Mimi sina kitu ya kukulipa. Huyu mtoto ulimshughulikia kama wako. Hiyo ingine ni Mungu ndio amekataa, sio wewe."

Mwalimu alisema tu kwamba ni vyema: "Ni bwega, mama." Akala. Alikula kila alichopakuliwa na kuongezwa, na Nkatha alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono yake mitulivu juu ya magoti, akituangalia tukila.

Njiani kurudi nilimwambia kwamba huenda si pipeti. Huenda alikosea swali jingine, huenda ni karatasi ya nadharia. Alama za sehemu moja moja hatupewi. Nilidhani namfariji.

"Ndiyo," akasema. "Huenda."

Baada ya hapo aliacha kupiga goti.

Sitaki kulifanya jambo hilo liwe kubwa kuliko lilivyokuwa. Aliendelea kufika kazini, aliendelea kuimba vibaya kanisani. Ila nyuma ya ukuta wangu nilianza kusikia somo jingine. Mwanafunzi anauliza, "Mwalimu, tuandike na shaka?" na yeye anajibu, "Hapana, hiyo haina alama." Aliwafundisha namna ya kuotea jibu la mwalimu. Aliwaambia kwamba watu wawili waliokaa karibu wasipishane sana, na kwamba namba ya tatu iwe kama mbili za mwanzo hata ikigoma. Yule aliyemfukuza kijana kwa tone moja sasa aliwaambia watoto, kwa sauti ya upole kabisa, "Andikeni inayotakiwa, mwende nyumbani."

Na kemia ikapanda. Mwaka baada ya mwaka ikapanda, mpaka shule za jirani zikaja kuuliza siri. Prinsipo alimwita jukwaani siku ya wazazi akamvika shada la maua ya karatasi. Alisimama nalo shingoni mpaka sherehe ikaisha. Nilipomwambia alivue akaniuliza, "Kwani bado nimelivaa?"

Alipostaafu hakufanyiwa karamu, hakutaka. Alirudi Mbeere. Tulipigiana simu mara chache, kisha tukaacha.

Mwaka jana nilikuwa na mazishi upande wa Siakago, hukohuko Mbeere, nikaulizia kwake, nikapelekwa na pikipiki. Nilimkuta amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, amekonda, mkewe akipepeta pojo pembeni. Mama yule alifurahi kuniona kuliko yeye. Aliniletea uji, akaniambia kwa sauti ya chini tulipokuwa jikoni, "Ongea naye, Mama Mwenda. Tangu apige hiyo simu halali vizuri."

"Simu gani?"

"Muulize yeye."

Nikamwuliza. Alisubiri mkewe aingie ndani na ungo wake.

"Nilimpigia Nkatha," akasema. "Nilitafuta namba yake kwa wale wa darasa lake. Ako Laare. Anafunga miraa kwa tajiri mmoja huko. Ako na watoto. Mzuri tu, anaongea vizuri. Alifurahi kunisikia, aliniita mwalimu wangu."

"Na ukamwambia?"

"Nikamwambia yote. Kuvunjika, supavaiza, kuwekwa kwa meza yake. Yote. Nilisema nisikufe nayo."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Nilisikia pikipiki, nilisikia watu wakibishana bei. Nikafikiria simu imekata. Halafu akaniuliza, 'Mwalimu, kwa nini unaniambia?' Akasema miaka hii yote alijua ni yeye alikosea, na alikuwa ameshazoea. Alikuwa ameshaiweka mahali. Akasema, 'Sasa mimi nifanye nini na hii?'"

Ndani, mkewe aliangusha sufuria, akajisemea kitu. Mwalimu wa kemia alingoja kelele iishe.

"Halafu akaniuliza kama nina hakika. Kama ni hiyo pipeti ndiyo ilimkosesha. Aliuliza polepole, Mama Mwenda, kama mtu anaomba. Angetaka niseme ndiyo. Ama niseme hapana. Yoyote tu."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia sijui."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililonitisha.

"Si ndiyo ukweli?" akasema. "Sijui. Hakuna anayejua. Akakata simu. Nikipiga sasa hapokei."

Nilimwambia kwamba alifanya vizuri kusema, akatikisa kichwa. Nikamwambia Nkatha yuko hai, ana watoto, ana kazi, akatikisa kichwa tena, kwa adabu, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula. Tukazungumza kidogo juu ya jua, na juu ya walimu wa zamani, nani amekufa, nani amehamia mjini.

Kijana wa pikipiki aliporudi, mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani. Alitembea nyuma yangu kidogo. Nilipokwisha kupanda alishika mkono wangu.

"Kurudi kwenu unapitia Laare?"

"Si njia yangu, lakini naweza."

"Ukipita Laare..." Kijana aliwasha injini, akaizima tena alipoona bado tunaongea.

"Nikipita Laare nimwambie nini, mwalimu?"

Aliitazama barabara kule nilikotoka, kisha akaachia mkono wangu.

"Usimwambie kitu," akasema.